Mfalme na Malkia wa Kopa

Daraja Mbili, Arusha
9 Machi 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na jua la Gelai halijakumaliza. Mimi sijambo kabisa. Kazi ya kushona viti vya magari pale Ngarenaro inaendelea. Juzi tulivua viti vya gari moja la watalii, na chini ya kiti cha nyuma tukakuta meno ya bandia. Fundi mkuu ameyaweka dirishani ili mwenyewe akipita ayaone. Mvua imeanza, mlima haujaonekana wiki nzima. Mama anasema kahawa ya upande wa juu imechanua vizuri, na ng'ombe mweupe amezaa dume.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka ulivyokuwa unatufundisha karata kibarazani kwako wakati wa masika, ukatupiga wote bila huruma mpaka kaka akalia? Basi wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia haya. Tangu mwaka jana nimejiunga na klabu ya poka hapa mjini. Rafiki yangu Diana ndiye aliyenipeleka. Usishtuke, Shangazi. Hatuchezei pesa. Tunalipa ada ya uanachama basi, na mezani kuna vibao vya plastiki ambavyo tukimaliza vinarudi sandukuni. Tunagombea pointi. Wenye pointi nyingi wanaingia fainali mwezi wa nane, na atakayeshinda fainali atakwenda Kampala kucheza na mabingwa wa nchi nyingine.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtu anapewa karata mbili, anaziona yeye peke yake. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Katika hizo saba unachagua tano zinazokufaa. Kabla na baada ya kila kufunua watu wanasema kwa zamu na kuweka vibao. Unaweza kupandisha, unaweza kumfuata aliyepandisha, au unatupa karata zako ukakaa ukatazama wenzako.

Tatizo langu ni karata ninazozipenda kuliko zote, yaani picha mbili kubwa za aina moja. Mfalme na malkia wa kopa, kwa mfano. Zina njia nyingi za kushinda: zinaweza kupata jozi kubwa, zinaweza kuingia kwenye mfuatano wa karata tano zilizopangana, zinaweza kufikisha kopa tano. Nikizipata moyo unaruka. Na kila nikizipata naondoka kichwa chini. Mwezi uliopita nilikuwa nazo, na mzee Lengai akapandisha. Huyu Lengai ni Mwarusha, amenadi ng'ombe kwenye minada maisha yake yote, na ndiye bingwa wetu. Nikamfuata. Ikafunuliwa malkia, saba na tatu. Nikajiambia, leo ni leo, nikaweka vibao vyote. Mzee akafunua ree na malkia. Wote wawili tuna jozi ya malkia, lakini ree yake ni kubwa kuliko mfalme wangu. Nikatoka.

"Binti," akaniambia, "umekuja mnadani umefumba macho."

Meza nzima ilicheka. Na si mara ya kwanza. Nakosea wapi, Shangazi? Naomba uniambie ukweli, na naomba sana jambo hili libaki kwako.

Mwanao,
Ndeshi

*

Gelai
30 Machi 2025

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba. Barua yako imeletwa na gari la chanjo, imelowa pembeni lakini inasomeka. Goti bado ni lile lile. Usinilaumu kwa kuandika polepole. Simu huku inashika juu ya kilima tu, na kilima mimi nimewaachia mbuzi. Zahanati imejaa akina mama. Tumeletewa nesi mpya, Soila, binti wa huku huku, ana mikono myepesi sana kwa watoto. Mwambie mama yako nimepata ile chai aliyonitumia na imekwisha.

Umenipa habari za meno ya bandia. Umenipa habari za ng'ombe mweupe na ndama wake. Baba yako hukumtaja. Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka mstari.

Tuje kwenye karata zako. Siwezi kumshauri mtu juu ya mchezo nisioucheza, kwa hiyo nilimfundisha Soila kama ulivyoeleza, tukaanza kucheza kwa maharage baada ya kliniki. Dereva wa gari la chanjo akajiunga. Nimeona kwa nini unazipenda hizo picha. Mimi nami nilizipenda, na Soila akanila maharage yote hadi yale niliyokuwa nimeyaloweka.

Sasa nijibu. Siku ile ya malkia, ulikuwa umekaa mahali pa kusema kabla ya wenzio, au baada yao? Ulikuwa wewe uliyepandisha, au ulifuata? Na ulipomfuata yule mzee ulidhani ana nini mkononi? Sikuulizi ulichotamani awe nacho.

Umeniomba libaki kwangu, na limebaki. Ila kama hamchezei pesa, sielewi unaficha nini, na unamficha nani.

Shangazi yako,
Marta

*

Daraja Mbili
27 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za maharage. Nilicheka peke yangu kiwandani mpaka fundi mkuu akaniuliza kama nina homa. Huku tu wazima. Nilikutana na Mama sokoni Maji ya Chai siku ya Jumatano, akanipa ndizi na parachichi, anakusalimu. Chai nyingine atakutumia. Ndama anakua. Baba hajambo, nasikia.

Maswali yako yamenisumbua sana. Nilikaa nikakumbuka kila mara niliyotolewa nikiwa na picha za aina moja, na jibu ni lile lile. Nilikuwa nimekaa pa kusema mapema. Sikuwa nimepandisha, nilikuwa nimefuata. Na kuhusu mzee Lengai, ukweli ni kwamba sikuwaza kabisa ana nini. Nilikuwa natazama karata zangu tu, jinsi zinavyopendeza.

Mwezi huu nilijaribu kujizuia. Nilipopata mfalme na ghulamu wa uru nikiwa wa kwanza kusema, nikazitupa. Mkono uliniuma kama nimetupa chakula. Lakini nilimaliza wa tatu, na sijawahi kufika hapo. Sasa naogopa kwamba nimekuwa mwoga. Kama nitazitupa kila mara, zina faida gani?

Sina la zaidi. Jua limetoka leo, mlima mzima unaonekana mpaka kileleni.

Mwanao,
Ndeshi

*

Gelai
25 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, wazima wote. Barabara ilikatika kwenye korongo, ndiyo maana barua yako imechelewa. Soila amechumbiwa na dereva wa gari la chanjo; nadhani mchezo wetu wa maharage umehusika.

Sikiliza sasa, maana hili nimeligundua mwenyewe mezani, sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nazipata hizo picha nikiwa wa mwisho kusema. Wenzangu wote wametulia, hakuna aliyepandisha. Badala ya kungoja, nikapandisha mimi. Soila akatupa. Siku nyingine hakutupa, zikafunuliwa kopa mbili mezani wakati mimi nina mbili mkononi, na mfuatano nao unanukia. Bado sikuwa na kitu, hata jozi. Lakini karata za kuniokoa zilizobaki zilikuwa nyingi sana, basi nikasukuma maharage yote mbele. Soila akanitazama usoni, akatupa jozi yake ya ree. Ndeshi, nilishinda bila kuwa na chochote, na kama angenifuata, bado ningeweza kushinda.

Umeona? Hizo karata ni za mtu anayeanza. Ukianza wewe, unashinda wakitupa, na wasipotupa bado una njia zako zote. Ukimfuata mtu aliyekwisha kuonyesha nguvu, anakuachia njia nyembamba, na mara nyingi amekaa juu yako na ree yake. Kwa hiyo huo si woga. Tupa pale unapofuata, piga pale unapoanza. Na ukipata jozi moja tu, usiichumbie.

Sasa lingine. Umeandika "Baba hajambo, nasikia." Unasikia kwa nani? Barua yako ina tarehe ya wiki moja baada ya Pasaka, na haina hata neno moja la Pasaka. Hukusema mlikula nini, wala nani alikuja, wala kama kwaya iliimba vibaya kama kawaida. Na mama yako mnakutana sokoni kama wageni. Mimi ni mkunga, nimezoea mabinti wanaosema hawana kitu huku tumbo linaonekana.

Nimemwandikia baba yako kumuuliza.

Shangazi yako,
Marta

*

Daraja Mbili
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wote hatujambo.

Nilikuomba libaki kwako. Sasa umemwandikia, na sijui umemwandikia nini. Kwa kuwa umeshaamua kujua, nitakuambia mwenyewe.

Siku ya Pasaka tulitoka kanisani tukakaa mezani, Baba akikata nyama. Kaka akatoa simu kuonyesha picha za ubatizo wa mtoto wake, akapitiliza, ikatokea picha ambayo klabu ilikuwa imeiweka mtandaoni. Mimi nimekaa na vibao mbele yangu, nacheka. Baba akaichukua ile simu.

"Hii ni nini?"

"Ni mchezo, Baba. Tunagombea pointi tu."

"Nimeuliza hii ni nini."

"Ni karata, Baba."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono taratibu. Akasema, "Mtu wa karata halali kwenye nyumba yangu." Halafu akaenda chumbani, akachukua begi langu, akalitoa nje akaliweka kibarazani. Hakulitupa, Shangazi. Aliliweka polepole kama limebeba mayai. Afadhali angelitupa. Mama alinifungia nyama kwenye jani la mgomba, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima hakusema neno.

Mimi si mlevi, si mwizi, kodi ya chumba nalipa mwenyewe. Sijui nimemkosea nini. Na sitaki mtu aniombee msamaha wa kosa ambalo silijui.

Jana nilishinda. Nilifanya kama ulivyosema, nilianza mimi, nikamaliza wa kwanza kati ya watu ishirini, na nimeingia fainali. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote na sikuwa na wa kumwambia. Ukitaka kuniandikia juu ya karata, niandikie. Juu ya Baba, naomba usiniandikie.

Ndeshi

*

Daraja Mbili
20 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Gari la chanjo limekuja na kurudi, nilimuuliza dereva, akaniambia hukumpa kitu na hakutaka kuniambia zaidi. Baridi ya Julai imetukamata, asubuhi tunashona tumevaa makoti.

Barua yangu ilikuwa na maneno makali kwa mtu anayestahili shikamoo. Niandikie lolote, hata juu ya Baba, ila usininyamazie na wewe.

Fainali ni Jumamosi ya tarehe thelathini Agosti, kuanzia asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli barabara ya Moshi.

Mwanao,
Ndeshi

*

Nyumbani, juu ya Maji ya Chai
10 Agosti 2025

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba, na marahaba tena. Barua zako zote mbili nimezisoma leo, zimenifuata huku. Usishangae anwani, wala usimlaumu dereva, ni mimi niliyemwambia asikuambie. Niko kwa kaka yangu, kwenye chumba chako, nimelalia mto wako. Baba yako hakujibu barua yangu, nikachukua likizo nikaja kulichukua jibu mwenyewe.

Kosa unalosema hulijui, si lako. Baba yako na mimi tulikuwa na mdogo wetu, Nathanaeli. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa mchangamfu, mwenye sauti nzuri, kila mtu alimpenda. Alikwenda Mirerani machimboni, huko akajifunza karata za pesa. Akacheza alichochimba, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba alichogawiwa na babu yako. Baba yako ndiye aliyekuwa akienda kumrudisha. Alikuwa akirudi naye, wiki mbili hazipiti, ameondoka. Mara ya mwisho alimkuta mezani, akamwita jina lake. Nathanaeli akainua macho akamtazama kama mtu asiyemjua, akasema, "Mzee, umekosea njia." Halafu akarudi kwenye karata zake. Hatukumwona tena, na hatujui kama yu hai. Tangu siku ile jina lake halijatajwa ndani ya nyumba hii. Baba yako alipoona ile picha, hakukuona wewe.

Sasa nikuambie nilichofanya. Sikumhubiria. Baada ya chakula cha mchana nilikunjua kitambaa mezani, nikamwita mama yako, nikamfundisha mchezo, tukawa tunacheza kwa punje za kahawa. Baba yako alipotuona alichukua jembe akaenda kwenye migomba. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Siku nyingine akapita nyuma yetu na jembe begani, akasimama. Nilikuwa nimepandisha, mama yako anataka kunifuata na malkia wake. Tukasikia sauti nyuma:

"Usimfuate huyo. Ana kitu."

Hatukuinua macho, Ndeshi. Tungeinua macho angeondoka. Mama yako akatupa. Baba yako akaweka jembe ukutani akauliza, "Na pesa zinawekwa saa ngapi?" Nikamwambia, "Haziwekwi." Akasema, "Kuna wakati tu zinawekwa." Nikamwambia, "Basi kaa usubiri huo wakati." Akakaa. Bado amekaa, kila mchana, na anacheza vibaya sana, anatupa hata jozi ya wafalme.

Amesema mambo juu yako. Sitakuandikia, ni yake kusema. Nimemwambia siku na mahali. Akaendelea kuzichanganya karata. Mimi narudi Gelai kesho kutwa, Soila peke yake hawezi.

Cheza kama ulivyocheza mwezi wa sita.

Shangazi yako,
Marta

*

Nyumbani
Jumapili, 7 Septemba 2025

Shangazi yangu Marta,

Shikamoo! Natumaini umefika salama na Soila hajambo na mchumba wake. Huku wote wazima, ng'ombe, ndama na watu. Ninaandika nikiwa mezani kwetu, Mama yuko jikoni, Baba amelala kwenye kiti na koti lake la kanisani. Nimeshinda, Shangazi! Nimeshinda! Lakini ngoja nikusimulie kwa utaratibu, la sivyo utaniuliza maswali.

Tulianza asubuhi watu kumi na wanane. Kufikia saa sita tulibaki watano, meza moja. Tukapumzika kula. Niliporudi ukumbini nikamwona Baba amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti hili hili, kofia mkononi, anachungulia chini ya meza. Mzee Lengai akamwona naye.

"Karibu, mzee mwenzangu. Umepoteza kitu?"

"Natafuta mnapoweka pesa," Baba akasema, kwa sauti ile yake.

"Hapa hakuna pesa," akajibu Lengai. "Hapa kuna aibu tu. Ukishindwa unakwenda nayo nyumbani." Halafu akamkazia macho. "Ngoja. Wewe si ndiye uliyenunua kwangu mtamba mweusi, ukabisha bei mpaka jua likazama?"

"Alikuwa anachechemea."

"Hakuwa anachechemea!"

Wakabishana juu ya yule mtamba mpaka msimamizi akatuita. Nikamwamkia Baba, akaitikia marahaba, basi. Akachukua kiti akakiweka nyuma yangu, kule ambako aliweza kuziona karata zangu. Sikuwahi kuhisi shingo yangu ikiwa nzito namna ile.

Hatujacheza sana, nikapewa karata mbili. Nikainua pembe, nikaona mfalme na malkia wa kopa. Zile zile. Nikasikia Baba amevuta pumzi, aliziona. Lakini kabla yangu mzee Lengai alikuwa amepandisha, na mama mmoja mwalimu, Catherine, akapandisha juu yake. Nikawatazama wote wawili usoni, Shangazi, nikajiuliza lile swali lako: hawa wana nini? Nikazisukuma karata zangu katikati, nikazitupa. Wakaweka vyote. Lengai akafunua ree na mfalme, Catherine jozi ya malkia. Mezani ikaja ree, Catherine akatoka. Mimi ningetoka naye.

Baada ya hapo nilianza kupiga. Nikiwa wa mwisho kusema na wenzangu wametulia, nilipandisha. Walitupa, walitupa tena. Wawili wakatoka, tukabaki mimi na mzee Lengai, na vibao vyangu vimezidi vyake kidogo. Watu walisimama kutuzunguka. Yeye anaongea muda wote kama yuko mnadani: "Nani anaongeza? Binti anaongeza? Namwona binti anaongeza!" Unachanganyikiwa usipokuwa makini.

Ndipo nikapata mfalme na ghulamu wa shupaza. Nikapandisha. Akafuata. Ikafunuliwa malkia wa shupaza, kumi ya uru, nne ya shupaza. Shangazi, sikuwa na kitu, hata jozi. Lakini shupaza yoyote ingenipa shupaza tano. Ree yoyote au tisa yoyote ingekamilisha mfuatano. Mzee akaweka vibao vingi mbele. Mimi ningeweza kufuata tu, kwa upole, nikangoja. Nikasukuma vyote.

Kwa mara ya kwanza siku ile Lengai alinyamaza. Alinitazama muda mrefu. Akamtazama Baba nyuma yangu, kana kwamba atamwona usoni karata nilizo nazo. Baadaye Diana aliniambia Baba alikuwa ameinua macho anatazama dari.

"Mzee," Lengai akamwambia Baba, "huyu binti anachechemea au hachechemei?"

"Nunua ujue," Baba akasema.

Watu wakapiga kelele! Lengai akacheka, akaweka vyote. Alikuwa na malkia na kumi, jozi mbili tayari. Ikaja mbili ya pau, haikunisaidia. Ikaja ya mwisho. Tisa ya uru. Tisa, kumi, ghulamu, malkia, mfalme, zimepangana kama watoto wa shule, na mfuatano unapiga jozi mbili. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka Diana ananivuta mkono na mimi nalia, na mzee Lengai amenishika kichwa kwa mkono wake mzima, anatangaza kwa sauti ya mnada, "Imeuzwa! Imeuzwa kwa binti wa Kimeru!" Nitakwenda Kampala mwezi wa kumi na moja. Jina langu limekwisha kuandikwa.

Baba alinisubiri nje karibu na geti. Akaniambia, "Twende nyumbani, mama yako amepika." Tukapanda gari la jirani, tukalipitia begi langu Daraja Mbili. Tulipopita Tengeru akasema, akitazama dirishani:

"Zile mbili nzuri ulizozitupa. Picha nyekundu."

"Ndiyo, Baba."

"Uliziona ni nzuri?"

"Niliziona. Nilitamani kuzicheza kuliko zote."

Kisha akasema, "Nathanaeli hakuwahi kutupa karata. Hata moja. Ulipozitupa zile, nikajua nimekuonea." Ni yeye aliyelitaja hilo jina, Shangazi, kwa mdomo wake. Nilimshika mkono, akaniacha niushike. Begi langu alilibeba yeye kuliingiza ndani.

Nilidhani yamekwisha hapo. Wiki nzima nimekwenda kazini na kurudi mjini kama kawaida, jana jioni nikapanda tena kuja kulala. Leo tumekwenda kanisani. Baba ndiye aliyekuwa na zamu ya kusoma matangazo. Akasoma ndoa, akasoma mkutano wa wakulima wa kahawa, akakunja karatasi. Nikajua anashuka. Hakushuka.

"La mwisho halimo kwenye karatasi," akasema. "Familia yangu inamshukuru Mungu. Binti yangu Ndeshi, simama Ndeshi, ameshinda mashindano mjini. Amekuwa wa kwanza. Atakwenda Uganda kuiwakilisha nchi yetu."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mchungaji akatabasamu pale alipo, akasema, "Bwana asifiwe, Mzee Frederick! Mashindano ya nini? Ya uimbaji?"

Baba akashika mimbari kwa mikono miwili.

"Ya karata," akasema.

Makofi yakakatika kama umeme. Mimi nimesimama katikati ya kanisa, sijui nikae au nikimbie. Mchungaji bado anatabasamu kwa sababu hajui afanye nini kingine. Kwenye benchi la mbele Bibi Elinami, ambaye unajua masikio yake yalivyo, akamgeukia jirani yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Amesema ya nini?"

"Karata, mama!" Baba akapaza sauti, madirisha yakatetemeka. "Karata! Na amewapiga wote!"

Hapo ndipo niliposikia kigelegele. Kimoja, kirefu, kutoka nyuma upande wa kushoto. Nikageuka. Alikuwa Mama, amesimama, kitenge kimemdondoka begani, kichwa amekirusha nyuma. Mama yangu aliyenisindikiza hadi barabarani siku ya Pasaka bila kutoa neno! Bibi Elinami akadakia bila kujua hasa anashangilia nini, kisha akina mama wa kwaya, kisha kanisa zima, na ngoma ikapigwa na mtu ambaye haikuwa hata zamu yake. Mchungaji aliinua mkono ili tuendelee na ibada. Akasubiri. Akauinua tena. Mwisho akakaa chini, akaanza kupiga makofi na yeye.

Ni mimi mwanao mwenye furaha,
Ndeshi Frederick